Ndizi za Kaburi Langu

Kaburi langu liko nyuma ya nyumba ya mama, upande wa Butiama, kati ya zizi la mbuzi na shamba la mihogo. Limeota. Nasema limeota kwa maana ya kuota kabisa, majani mapana na mkungu unaoning'inia, na mwaka huu limezaa ndizi ambazo hakuna mtu pale nyumbani anayethubutu kuzila isipokuwa mimi.

Kwetu mtu akifa na mwili usipatikane, hasa aliyemezwa na ziwa, huzikwa mgomba badala yake. Hukatwa shina, likalazwa mkekani, likafunikwa kanga ya marehemu, watu wakalililia kama wanavyomlilia mtu, kisha likashushwa shimoni. Lazima liwe shina tupu, bila kisiki wala mzizi, maana aliyekufa hatakiwi kurudi kuchipua. Waliponizika mimi na binti yangu, aliyetumwa mgombani ni mdogo wangu wa kiume. Mgomba mdogo, wa binti yangu, aliukata vizuri kwa panga. Mkubwa, ambao ulikuwa mimi, aliung'oa na kisiki chake kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa na panga lilikuwa butu. Wakauzika hivyo hivyo. Katekista akasoma sala, watu wakala, wakaenda zao. Mvua za vuli zilipoanza, marehemu nikachipua.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ndiye mjuzi wa mambo haya kwetu. Mpaka leo akiniona husonya na kusema, "Wewe hukufaga vizuri." Anasema kwa huruma, siyo kwa ubaya. Naambiwa pia kwamba misa yangu ya marehemu ilijaa hadi watu wakasimama nje. Nimehudhuria misa nyingi sana katika maisha yangu, na hiyo moja ndiyo niliyoikosa.

Acha nianze tulikotoka.

Nilikuwa mjane. Mume wangu alikuwa mtu wa Kiriba, mvuvi, mwana wa wavuvi, naye akafa kwa malaria kitandani, jambo ambalo watu wa kwao waliona kama kukosa adabu kidogo. Aliniachia binti mmoja, mwenye meno yote ya utoto na maswali yasiyokwisha. Mwaka uliofuata mtu mmoja mwenye kambi ya dagaa kisiwani akawa anatafuta mpishi wa kuwapikia vijana wake. Alikuwa mtu wa kanisani, mcheshi, aliyejua kuwasalimia wazee. Nikafunga kanga zangu mbili na sufuria, nikamshika mtoto mkono, tukapanda mtumbwi.

Dagaa huvuliwa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, kwa hiyo mbalamwezi ikifika kambi hufungwa na watu hurudi nchi kavu kuona wake zao. Mbalamwezi ya kwanza watu walipopanda, yule mwenye kambi aliniambia mtumbwi umejaa, nisubiri mwingine unakuja. Nikasubiri ufukweni na mtoto wangu na sufuria yangu. Mtumbwi mwingine haukuja. Jioni ile akatuingiza kwenye ghala la dagaa, akasukuma komeo kwa nje.

Alipokwenda nchi kavu alipeleka habari kwamba nilishindwa kuvumilia, nikapanda mtumbwi wa wapitaji na mtoto, na dhoruba ikatuchukua. Alikuja hadi kwa mama yangu kutoa pole. Alibeba kiroba cha dagaa.

Ghala lilikuwa la matofali ya saruji, mlango wa bati nene, na karibu na paa tundu moja la kupitisha hewa. Vijana wa kambi walibadilishwa kila msimu wa giza. Wengine hawakujua kama tupo. Wengine walijua na wakanyamaza, maana mwenye mtumbwi ndiye aliyekuwa mwenye ugali wao. Mmoja alikuwa akisukuma furu wa kukaanga chini ya mlango, wale samaki wadogo wenye miiba mingi, kisha nasikia nyayo zake zikiondoka mchangani. Hakuwahi kusema neno. Simsamehe, na furu wake nilikula.

Alichonifanyia yule mtu sitakiandika. Anayetaka kujua ajue kwamba alikuwa akija, na mtoto alikuwa mle mle ndani, hapakuwa na pengine pa kumpeleka. Kwa hiyo nilimfundisha. Nilimwambia, "Mlango ukifunguka, geukia ukuta uimbe, usigeuke. Mlango ukifungwa, tumepona." Akajifunza upesi. Alikuwa na wimbo mmoja wa shule ya Jumapili, aliuimba kwa sauti ndogo, paji la uso limegusa tofali. Komeo likishasukumwa kule nje alikuwa anageuka, ananikumbatia shingoni na kuniambia, "Mama, tumepona." Nami naitika, "Tumepona, mwanangu." Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Nilimkunja.

Na humo ndani, katikati ya kuja kwake na kuja kwake, tuliishi. Hili watu hawalielewi nikilisema. Nilimfundisha herufi kwa kupanga dagaa sakafuni, wakigeuka kushoto na kulia mpaka jina lake likatokea, kisha tunaliokota na kulila. Alitengeneza watoto wa bandia kwa nyuzi za viroba. Jino lake la kwanza lilipong'oka tulipata taabu, maana kwetu jino la mtoto hurushwa juu ya paa, nasi hatukuwa na paa la nje. Tukalichomeka kwenye ufa wa ukuta. Siku tulipotolewa ufa ule ulikuwa na meno kadhaa, na mdomoni mwake yalikuwa yameshaota makubwa mawili ya mbele, yale yanayomfanya mtoto afanane na sungura. Ndiyo kalenda yangu. Sina nyingine.

Waliotutoa hawakuwa wanatutafuta. Nani amtafute aliyekwisha zikwa? Walikuwa watu wa doria wanatafuta makokoro, zile nyavu zilizopigwa marufuku, na walipovunja komeo kijana mmoja akaingiza tochi, akamulika viroba, akamulika miguu yangu, akageuka akapiga kelele, "Afande, huku hamna kokoro! Kuna mama!" Yule mwenye kambi alikuwa ameshapigiwa simu mapema. Alikuwa ameondoka kabla injini ya doria haijasikika, na mpaka leo hajapatikana. Nikiuliza naambiwa jalada bado liko wazi.

Nilidhani binti yangu atafurahi. Alipotolewa nje alipiga ukelele ambao hakuupiga siku yoyote kule ndani. Alivuta kiroba akajifunika kichwa. Mtumbwini, katikati ya ziwa, jua linawaka na maji yameenea pande zote, alinishika kanga akaonyesha juu kwa kidole, mbinguni, akaniambia, "Mama, funga."

Musoma tulilazwa. Walituhudumia vizuri, siwezi kusema uongo. Dada mmoja wa ushauri nasaha, mdogo kwangu kwa umri, alinishika mkono akasema, "Mama, mpe taimu. Na wewe jipe taimu." Nilimpenda yule dada. Ila nilitaka kumwambia kwamba taimu ndicho kitu pekee tulichotoka nacho kule.

Kwa nini sikurudi moja kwa moja kwa mama yangu? Nilituma ujumbe. Jibu lililokuja lilikuwa la kusitasita, kwamba wamefurahi mno, wamelia, lakini nisije kwanza, kuna mambo ya kutengeneza. Mtu aliyeliliwa haingii tu nyumbani kama aliyetoka sokoni. Nilikasirika. Nikaenda Bunda kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ana vyumba vya kupangisha Manyamanyama, akatupa kimoja cha pembeni bila kuuliza chochote.

Chumba kilikuwa na dirisha moja na mlango mmoja, na mlango ule ndio uliotushinda.

Mimi sikuweza kukaa ndani mlango ukiwa umefungwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nikisikia bati limegusa fremu jasho linanitoka mgongoni, masikio yanaziba. Binti yangu hakuweza kukaa ndani mlango ukiwa wazi. Mimi nafungua, yeye anafunga. Nageuka kukoroga mboga, nasikia kitasa. Nafungua. Nainama kuokota kijiko, amefunga. Wapangaji wenzetu walicheka, wakasema wale wageni wa pembeni wanapepea nyumba. Tulijaribu pazia. Tulijaribu kufungua nusu. Mwisho tukafika mahali ambapo mimi nalala kizingitini, nusu yangu nje, na yeye analala ndani ya kabati la nguo la wifi, magoti kidevuni, milango yote miwili ya kabati imevutwa. Shuleni mwalimu alimkuta stoo, kati ya mafagio na ndoo, ametulia kabisa, anaandika.

Wifi yangu ni mtu wa maneno machache. Siku moja alinikuta uani nafua, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Wifi, huyu mtoto haogopagi giza. Anaogopa wewe unapoingia."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye hajazaa. Ni neno zito kumwambia mtu. Alininyanyulia beseni langu, akanisaidia kukamua.

Lakini alikuwa amesema kweli, na niliiona mwenyewe haikupita wiki. Ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa nasonga ugali wa udaga wa mihogo, moshi umejaa, na mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilisikia na komeo pia, maana wifi alikuwa ameweka komeo kwa ndani kwa ajili ya wezi. Sikufikiri. Niliacha mwiko sufuriani, nikaurukia ule mlango, nikaupiga teke, nikaupiga tena, bawaba ya juu ikang'oka na bati likaangukia uani kwa kishindo cha kuamsha mtaa. Nuru ikaingia yote kwa pamoja. "Wifi, mlango wa watu!" nikamsikia wifi yangu kule nje. Nikageuka nimwambie mwanangu pole.

Alikuwa ameshageukia ukuta. Paji la uso limegusa tofali. Anaimba.

Nilikaa chini palepale. Ugali ukaungua. Mtoto aliimba mpaka wifi alipoinua lile bati na kuliegemeza mlangoni kwa nje, ndipo akanyamaza na kugeuka, akanitazama kama mtu anayetafuta kwenye kundi la watu sura anayoijua. Siku ile nilielewa kwamba nisipomtoa pale ukutani, sitampata tena. Nikaamua kwenda kwa mama, kuna matengenezo au hakuna matengenezo.

Tulipanda gari hadi Nyamuswa, kisha bodaboda. Mtoto alikaa katikati yangu na dereva, amejifunika kanga kichwa kizima. Tulipofika njia panda ya nyumbani nilishuka, nikatembea. Mama alikuwa uani anapepeta ulezi. Alinyanyua macho. Ungo ulimtoka mikononi, ulezi ukamwagika, akainuka na mikono imenyooshwa, akapiga hatua mbili kuja kwangu. Kisha akasimama, akageuka, akakimbilia ndani, akafunga mlango.

"Usiingie!" alikuwa analia kule ndani. "Mwanangu, usiingie mlangoni! Ukiingia hapo utatuzika wote!"

Nilisimama kwenye ulezi uliomwagika. Nilitukana, nakiri, nilitukana matusi ambayo sikujua ninayo. Mama yangu mzazi, nyuma ya mlango uliofungwa. Na binti yangu, aliposikia ule mlango umefungwa, alijitoa kanga kichwani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatazama ile nyumba, akatabasamu kwa meno yake ya sungura.

Shangazi aliitwa. Alikuja na fimbo yake, akanisalimia kwa mbali, akanieleza. Aliyezikwa amekufa, hata akiwa anapumua. Njia ya kurudi ni moja tu, azaliwe tena. Huvunjwa tundu kwenye ukuta wa nyuma, chini, palipo na kitanda cha mama. Mama hulala pale kama mtu mwenye uchungu wa uzazi. Aliyekufa huingia kwa kutambaa, kichwa kwanza, naye hupokelewa, hupakwa samli, hupewa uji. Tundu huzibwa papo hapo. Kisha kama mtoto yeyote mchanga anakaa ndani, mlango umefungwa, haoni jua, mpaka mwezi mwandamo. Ndipo anatolewa nje, anaonyeshwa watu, anapewa jina.

"Anakaa ndani," nikasema.

"Anakaa ndani," akasema shangazi. "Mtoto mchanga unamtoaga nje?"

"Mlango umefungwa."

"Mwanangu, ni siku chache. Tena uko na mama yako."

Hawakuwa wabaya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba walikuwa wananipenda. Walichinja mbuzi. Padre alijua, na padre wetu akisikia habari za tundu la ukutani hukohoa, kisha huuliza mihogo inaendeleaje. Ile nyumba ya zamani ya miti na udongo, ambayo mdogo wangu alitaka kuibomoa ajenge ya saruji, mama alikuwa amekataa isibomolewe kwa sababu hii hii. Saruji huwezi kuivunja na kuiziba kwa asubuhi moja.

Aliingia binti yangu kwanza. Aliingia bila kusukumwa, nyayo zake zikatoweka, na vigelegele vikapigwa. Nikafuata mimi. Ndani kulikuwa na harufu ya samli na moshi, mama amelala pembeni, ananivuta mabega kwa mikono miwili huku analia kweli na siyo kwa desturi. Kwa dakika moja nilikuwa kwetu. Kisha nikasikia nyuma yangu pwaa, pwaa, shangazi anaziba. Nikageuka. Nuru ilikuwa imebaki kama sahani. Halafu kama kikombe. Nikatazama mlango na komeo lake, na sikumbuki nilivyoinuka. Mdogo wangu anasema nilimpita kama ng'ombe aliyevunja zizi. Nilijikuta shambani, katikati ya mihogo, samli inanitiririka usoni, napumua.

Shangazi alinifuata taratibu. Hakunigombeza. Alisema, "Umetoka kabla. Mimba iliyotoka kabla haina jina."

Nikamwomba anirudishie basi mwanangu. Akaniambia, kamuulize. Nikaenda kusimama nje ya ukuta, pale udongo ulipokuwa bado mbichi, nikamwita. Sauti yake ikatoka ndani, ya utulivu ambao sikuwa nimeusikia tangu Musoma. "Siwezi kutoka. Bado mimi mdogo."

Nililala uani siku zote zile. Mwezi ulipoandama walimtoa, amenenepa, anang'aa samli, macho yamefinywa kwa jua lakini halii. Wakampa jina jipya. Shangazi akamshika mkono akamzungusha kwa watu, hii ni kaka yako, hii ni shangazi yako. Akafika kwangu. "Hii ni dada yako." Watu wakapiga vigelegele. Nikacheka, nikadhani ni maneno ya shughuli, yataisha na pombe.

Nilimchukua nikarudi naye Manyamanyama. Kwa wifi alikaa kama mgeni aliyelelewa vizuri. Alisema asante. Aliomba ruhusa kuchukua maji. Chakula alikionja, akakirudisha. Hakugusa mlango wangu tena, hilo ndilo lililonitisha. Alikaa tu ameutazama ukiwa wazi, mikono mapajani, anasubiri. Siku moja akaniambia, "Dada, nirudishe nyumbani." Niliona mbavu zake zinavyohesabika chini ya gauni. Nikampeleka. Mama yeyote angempeleka.

Tangu hapo naenda kumwona nikipata nafasi. Siingii, maana mimi bado marehemu. Naketi uani kwenye kigoda, naletewa chakula nje kama wanavyoletewa wapitaji. Anayeleta ni yeye. Ananinawisha mikono, anapiga goti, anasema, "Karibu, dada." Anasoma, ni wa kwanza darasani. Analala kitandani na mama yangu, komeo limesukumwa, halali kabatini tena. Amepona. Nimejikaza kulisema hilo neno na kuliamini, kwamba amepona. Nikitaka kula kitu kitamu naenda nyuma, nakata kichane cha ndizi kaburini kwangu, nakaa juu yake nakula. Ni ndizi nzuri, mtu asikudanganye. Mgomba wa binti yangu, ule uliokatwa vizuri, uliozea chini, hata kituta chake hakionekani.

Kiangazi hiki mama aliugua. Alipopata nafuu aliniita, akaongea nami dirishani, uso wake umekuwa mdogo. "Mwanangu, mimi nikienda, nani atakuzaa?" Ndivyo alivyosema. Anayeweza kumzaa mtu upya ni mama yake tu, au bibi kama mama naye ni marehemu, na mimi bibi sina; mama akifa, tundu halivunjwi tena. "Njoo ujaribu. Jaribu hata kwa ajili yangu."

Nikasema ndiyo. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kupasuliwa. Nilikwenda Musoma kwa yule dada wa ushauri, akanifundisha namna ya kupumua, ndani kwa pua, nje kwa mdomo. Manyamanyama nilijifungia chumbani mchana, nafunga, nahesabu pumzi, nafungua, nafunga tena, wifi amesimama nje ananiita jina langu ili nijue yupo. Nilifika mahali pa kumaliza kunywa kikombe cha chai mlango umefungwa. Wifi alilia. Mimi nililia. Tukasema Mungu mkubwa.

Shangazi siku hizi hana nguvu, kwa hiyo aliyevunja tundu ni mdogo wangu. Ilikuwa asubuhi, mbuzi wamefunguliwa, jua bado la upole. Nililala kifudifudi, nikaingiza kichwa na mkono mmoja. Ndani giza. Harufu ya samli. Nikamwona mama amelala pembeni, na nyuma yake, amepiga magoti, binti yangu. Nikapumua kama nilivyofundishwa. Akaninyooshea mkono akanishika vidole. Mkono wake ulikuwa wa joto na mkubwa kuliko nilivyoukumbuka.

"Ingia, dada," akaninong'oneza. "Usiogope. Mlango ukifungwa, tumepona."

Ningeweza kuingia kama angesema kitu kingine chochote. Ningeweza, naamini hivyo. Lakini nilisikia yale maneno kwa sauti yangu mwenyewe, na harufu ya samli ikawa dagaa, na matofali yakanikaribia pande zote. Mwili wangu ukarudi nyuma wenyewe. Vidole vyake vikaning'ang'ania, kisha vikaachia kimoja kimoja.

Nikabaki nje, mavumbi mdomoni. Tundu lilikuwa wazi na jua la asubuhi lilikuwa linaingia moja kwa moja mpaka kitandani kwa mama. Nikasikia wimbo ukianza kule ndani, kwa sauti ndogo, ule ule wa shule ya Jumapili.

Mdogo wangu alikuwa amesimama hajui afanye nini. Shangazi aliketi chini, fimbo mapajani, ananitazama. Basi nikavuta karai la udongo, nikamimina maji, nikakanda. Nikaanza kuziba kwa mikono yangu mwenyewe, upesi upesi, tonge juu ya tonge, maana mtoto alikuwa anaimba. Nuru ikawa sahani. Ikawa kikombe. Nikaweka tonge la mwisho, nikalilainisha kwa kiganja, na wimbo ukakoma.

Nikaweka sikio ukutani, kwenye udongo wa baridi.

"Mama, tumepona," alisema kule ndani.

Na aliyeitika ni mama yangu.